Newala 1952, Ruangwa 2022: mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ikitoka hasi, tunaendelea wapi? (UZI)

#1 Mlimani_Newala

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeulenga kwa watabibu, wauguzi, watu wa maabara na maafisa afya wa huku kwetu Kusini, ila yeyote anayehudumia mtu mwenye homa anakaribishwa.

Kati ya 1952 na 1953 homa ngeni iliwapiga watu wa uwanda wa Makonde, wilayani Newala. Ilianza ghafla, viungo vikauma hadi mtu akashindwa kujinyoosha, na wengi wakatoka upele. Ukiitazama juu juu ilifanana na dengi, na ingeandikwa dengi mambo yakaishia hapo. Marion Robinson, daktari wa hospitali ya misheni ya Lulindi, aliiandika dalili kwa dalili, kwa mpangilio uliotokea kwa wagonjwa. W.H.R. Lumsden akatoka kwenye taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, akafuatilia vijiji, nyumba na mbu. R.W. Ross akakitenga kirusi chenyewe kutoka kwenye damu ya mgonjwa, kwa kukipandikiza kwenye panya wachanga. Maandiko ya wawili wa kwanza yalichapishwa 1955, la Ross 1956. Ndivyo dunia ilivyoijua chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, na jina lake likatoka hapahapa kwetu.

Sasa njooni Julai 2022, Ruangwa. Watu wenye homa, kichwa kuuma, uchovu, wengine wanatoka damu puani. Wagonjwa 20, vifo 3. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO vikatoka hasi. Jibu lilikuwa homa ya mgunda, yaani leptospirosisi.

Miaka 70 imepita kati ya matukio hayo mawili, na vifaa vimebadilika sana. Kilichofanya kazi ni kilekile: mtu wa kituo cha pembeni aliona kwamba wagonjwa hawa hawafanani na wa kawaida, akaandika, akapeleka taarifa. Nasema hivi kwa sababu udaktari wa sasa umetuzoesha kukiachia kipimo kazi ya kufikiri. mRDT inajibu swali moja tu: je, damu hii ina protini ya vimelea vya malaria? Ikijibu hapana, haijasema mgonjwa ana nini. Pale ndipo kazi yetu inapoanza, na mara nyingi pale ndipo tunapoandika "homa" na kutoa antibayotiki.

Utafiti uliofanyika Moshi kati ya 2007 na 2008 unatosha kututisha. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walifuatiliwa kwa vipimo kamili. Walioandikiwa malaria na daktari walikuwa asilimia 60.7. Waliokuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Ndani ya kundi lilelile chikungunya ilikutwa kwa asilimia 7.9 ya waliopimwa, leptospirosisi asilimia 8.8. Moshi si Mtwara, malaria yetu ni nyingi zaidi, lakini hizo homa nyingine hazina mpaka wa mkoa.

Naomba tujadili kwa vitendo. Tuanze na anayekaa mezani OPD, kwa wagonjwa wa nje.

---

#2 Darubini

Daktari, asante. Niongeze upande wa maabara, maana mRDT inalaumiwa hata pale isipostahili, na inaaminiwa pale isipostahili pia.

Kwanza hasi. Kipimo kinahitaji vimelea kama 100 hadi 200 kwa kila mikrolita ya damu ndipo mstari uonekane vizuri. Chini ya hapo kinaweza kupita kimya. Halafu kuna makosa ya mikono: damu kidogo au nyingi kuliko mikrolita 5, matone ya dawa yaliyohesabiwa kwa haraka, kusoma kabla ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kusoma baada ya saa nzima. Kingine ni joto. Stoo yenye bati bila dari, mwezi wa Novemba, inazidi nyuzi 30 kila mchana, na vipimo vingi vimeandikwa mwisho 30, vingine 40. Angalieni boksi lenu limeandikwaje kabla ya kuliweka juu ya kabati.

Pili chanya. HRP2, ile protini ya vimelea ambayo kipimo hukitafuta, hubaki kwenye damu wiki 2 na zaidi baada ya mgonjwa kupona. Aliyemaliza dawa ya mseto ya malaria juzi anaweza kuonyesha mistari miwili leo huku homa yake ya leo ni kitu kingine kabisa. Hapo darubini ndiyo inayosema kama vimelea vipo hai. Tena kwa maeneo yetu, mtu mzima anaweza kutembea na vimelea vichache visivyomsumbua, akapata chikungunya, na kipimo kikasoma chanya. Mtibu malaria, ndiyo. Ila usifunge faili.

---

#3 Tabibu_Mtama

Mkuu Mlimani, hoja nimeipokea, lakini tuongee ukweli wa OPD. Foleni ni ndefu, tabibu ni mmoja, hakuna kipimo cha dengi, hakuna cha chikungunya, mashine ya kuhesabu chembe za damu iko hospitali ya wilaya. Na mgonjwa akiambiwa "hakuna malaria" anataka kuondoka na dawa mkononi. Sasa huyo tabibu afanye nini kwa dakika tano alizonazo? Tupe kitu kinachofanyika.

---

#4 Mlimani_Newala

Swali la haki kabisa, mkuu. Dakika tano zinatosha ukijua unatafuta nini.

Uliza siku ya ngapi tangu homa ianze. Siyo "muda mrefu kidogo", siku. Hiyo ndiyo itakayokuambia kipimo gani kina maana na hatari iko wapi. Dengi humwangusha mtu kati ya siku ya 3 na ya 7, mara nyingi pale homa inaposhuka na ndugu wameanza kufurahi.

Halafu mwambie aonyeshe kwa kidole panapouma. Usiulize "viungo vinauma?" kwa sababu kila mwenye homa atasema ndiyo. Wa chikungunya atakuonyesha vidole, vifundo vya mikono, vifundo vya miguu, nyayo, pande zote mbili. Mwombe akunje ngumi. Asipoweza kufunga vidole, na viungo vimevimba kidogo, una dalili nzito mkononi. Wa dengi ataonyesha nyuma ya macho, mgongo na misuli mwili mzima. Wa homa ya mgunda atashika mashavu ya miguu. Yaminye taratibu: akiruka, mtazame macho. Macho mekundu bila tongotongo ni alama ya kuiheshimu sana.

Upele wa chikungunya huja siku ya 2 hadi ya 5, kifuani, mikononi, wakati mwingine usoni. Msimu wa korosho msichanganye na upele wa mafuta ya maganda: ule unakaa mikononi na popote mikono ilipogusa, hauna homa, na ngozi inababuka.

Kisha kipimo kisichohitaji stoo: mashine ya presha. Pima presha, tuseme 120/80. Chukua katikati, 100. Pandisha hadi hapo, acha kwa dakika 5, fungua, subiri dakika 2. Chora mraba wa sentimita 2.5 kila upande kwenye mkono chini ya kiwiko, hesabu vidoto vyekundu. Vikifika 10 au zaidi, mshuku dengi na umfuatilie kwa karibu. Vikiwa vichache haijafutika, maana kipimo hiki hukosa wengi, lakini kikiwa chanya kwa mtu mwenye homa usimwache aende na diklofenaki.

Dalili za kumfanya asirudi nyumbani: tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu puani au kwenye fizi, kulegea au kuhangaika kupita kawaida, ini kuvimba, mkojo kupungua, manjano. Yoyote kati ya hizo, rufaa.

Kuhusu dawa mkononi: parasetamoli ni dawa. Mtu mzima gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mtoto miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa saa zilezile. Mpe na maji ya chumvi na sukari ya pakiti, mwambie siku ya kurudi, umwandikie kwenye karatasi dalili za hatari. Mgonjwa aliyeelezwa vizuri haondoki na kinyongo.

---

#5 DLDM_Nachingwea

Hapo kwenye diklofenaki naomba nikazie kwa niaba ya maduka ya dawa. Mteja wa maumivu ya viungo anakuja na jina la dawa tayari: "nipe diklo", au "nipe zile za mchanganyiko". Mchanganyiko mwingi una diklofenaki au ibuprofeni pamoja na parasetamoli, na mtu anaweza kuumeza juu ya parasetamoli aliyopewa zahanati bila kujua anarudia. Soma pakiti kabla hujatoa.

Swali langu kwa daktari: ni lini sasa inaruhusiwa? Maana viungo vya chikungunya vinauma hadi miezi.

---

#6 Mlimani_Newala

Ndugu yangu, kanuni inayotumika: aspirini na jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zikae pembeni hadi dengi itolewe mashakani, kwa sababu zinaongeza kutoka damu. Kama hakuna kipimo, subiri homa iwe imekatika angalau saa 48 na hakuna dalili hata moja ya hatari. Baada ya hapo inaweza kutumika kwa siku chache, pamoja na chakula, kwa mtu ambaye hana vidonda vya tumbo, figo ziko sawa na si mjamzito. Mtoto mwenye homa ya virusi usimpe aspirini kabisa.

Jambo moja nalichukia wazi: dawa za steroidi, yaani deksamethazoni au predinisoloni, kwenye wiki ya kwanza. Mgonjwa anapata nafuu ya haraka, dawa inakwisha, maumivu yanarudi kwa nguvu zaidi, na kama kilichokuwepo ni maambukizi ya bakteria umeyapa nafasi ya kuenea. Zina mahali pake kwa viungo visivyopona baada ya miezi 3, chini ya daktari. Dukani hapana.

Waliozidi miaka 45 na waliokuwa na matatizo ya viungo tangu zamani ndio wanaobaki na maumivu muda mrefu. Hao waambiwe mapema, ili wasizunguke kutafuta aliyewaroga au kuandikiwa "taifodi sugu" kila mwezi.

---

#7 Kidimbwi

Hiyo "taifodi sugu" ikomeshwe! Kipimo cha taifodi cha Widal kimoja bila cha pili kimepeleka watu wengi kwenye sindano za siku 10 bila sababu.

---

#8 Mkunga_Masasi

Daktari na wenzangu, msisahau wodi ya wazazi. Mama akija kwenye uchungu na homa, mRDT hasi, viungo vinauma, mtoto ndiye wa kuangaliwa kuliko hata mama. Kirusi cha chikungunya kikiwa kwenye damu ya mama siku zilezile za kujifungua, karibu nusu ya watoto huambukizwa. Hayo yalionekana kwenye mlipuko wa kisiwa cha Réunion wa 2005 na 2006. Upasuaji haumkingi mtoto, kwa hiyo msikimbilie kisu kwa sababu hiyo.

Kinachopotosha ni kwamba mtoto anazaliwa mzima. Analia, ananyonya, alama nzuri, mama anaruhusiwa baada ya saa 24. Kuanzia siku ya 3 hadi ya 7 ndipo anapoanza: joto, kukataa titi, mikono na miguu kuvimba, analia ukimgusa, upele, wengine degedege. Kijijini ataambiwa ana "mchango" na atapewa dawa ya kienyeji.

Kwa hiyo mama wa namna hiyo asiruhusiwe kesho yake. Akae na mtoto siku 7 wodini kama nafasi ipo, na kama haipo, mtoa huduma ngazi ya jamii apewe jina na kitongoji, amtembelee kila siku. Mtoto apimwe joto na aangaliwe anavyonyonya, mara mbili kwa siku. Kunyonyesha kunaendelea kama kawaida. Na mtoto mchanga mwenye homa anapata matibabu ya maambukizi ya bakteria mara moja bila kusubiri, hata kama unashuku chikungunya, kwa sababu kwa siku hizo huwezi kutofautisha kwa macho.

---

#9 Tabibu_Mtama

Mkunga umenifungua. Hiyo ya siku ya 3 hadi ya 7 iwekwe ukutani.

Afisa afya wetu yuko wapi? Maana tukiishia kwenye vidonge, wiki ijayo nyumba nzima iko kwenye foleni.

---

#10 AfisaAfya_Tandahimba

Nipo mkuu, nilikuwa nasoma kwanza.

Lumsden alichokikuta uwandani kinaeleweka na kila aliyekulia juu huku. Udongo ni mchanga, maji ya mvua yanazama, juu hakuna mito. Watu walishuka bondeni kufuata chemchemi, wakapanda na maji kichwani, wakayatunza ndani ya nyumba kwenye mitungi. Mbu wa Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anapenda maji ya namna hiyo hasa: safi, yametulia, yako kivulini, karibu na watu. Mwaka 2004 Lamu ilikuwa hivyohivyo. Ukame, watu wakatunza maji majumbani bila kuyabadilisha, chikungunya ikaenea kisiwa kizima na baadaye Komoro na Réunion. Wengi wetu tumefundishwa kwamba mbu ni mvua na madimbwi. Huyu anastawi pia pale maji yanapokuwa adimu.

Sasa angalia mtungi au pipa lenyewe. Jike hatagi juu ya maji. Anabandika mayai ukutani, juu kidogo ya mstari wa maji. Mayai hayo hukauka yakakaa miezi bila kufa. Maji yakipanda tena yakayagusa, yanaanguliwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10 kwenye joto letu. Maana yake ni hii: kumwaga maji peke yake hakusaidii, lazima usugue ukuta. Na huku juu hakuna anayemwaga maji aliyoyanunua kwa ndoo au kuyabeba. Mwenye nyumba anaongeza mapya juu ya yaliyobaki, pipa halikauki hata siku moja kwa mwaka, na afisa afya anayepita akisema "mwageni maji" hatasikilizwa, wala hastahili kusikilizwa.

Njia inayokubalika na akina mama ni hii. Siku moja kila wiki, siku ileile, maji yakiwa yamebaki kidogo pipani:

Yachuje kwa kitambaa kizito cha pamba, yahamie kwenye ndoo. Viluwiluwi vibaki kwenye kitambaa, kitupwe juani kikauke. Sugua ukuta wa ndani kwa brashi ngumu au kwa mchanga na gunzi, ukikazia mkanda wa juu pale maji yanapoishia na chini ya ukingo. Suuza kwa maji kidogo, hayo ndiyo ya kumwaga, na uyamwage kwenye mchanga mkavu. Rudisha maji, funika. Mfuniko wa mbao wenye nafasi pembeni haufuniki kitu. Kitambaa cha kanga kilichofungwa kwa mpira wa tairi kinafanya kazi nzuri kuliko bati lililoegeshwa.

Visima vya saruji vya kuvunia mvua ndivyo vigumu, maana lita 5,000 huwezi kuhamisha. Huko angalia mambo matatu. Mdomo wa bomba linaloingiza maji kutoka kwenye bati uwe na wavu wa mbu, mzima, na ubadilishwe ukitoboka. Bomba la kutolea maji yanayozidi nalo liwe na wavu, na hili ndilo husahaulika karibu kila nyumba. Tatu, mfuniko wa saruji ukipasuka uzibwe, kwa sababu ufa wa kidole unatosha. Gata za bati zilizolegea katikati hushika maji na majani, nazo zinazalisha.

Panapokuwa na mlipuko, halmashauri inaweza kuweka temefosi, dawa ya kuua viluwiluwi, ya chenga ya asilimia 1. Kiwango ni gramu 10 kwa lita 100. Pipa la lita 200 ni gramu 20, kisima cha lita 5,000 ni gramu 500. Kiwango hicho ndicho cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo pimeni ujazo kwanza: mita za urefu mara upana mara kina mara 1,000 ndiyo lita. Msikisie. Makosa yanayotokea ni mawili. Dawa inawekwa kwa kipimo cha maji yaliyopo leo halafu mvua inajaza kisima na dawa inakuwa nyepesi. Au kaya haikuelezwa, inaona chenga chini, inasafisha kisima kesho yake.

Mwisho, huyu mbu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni. Wenye homa wanalala mchana, na ndiyo wiki ambayo damu yao imejaa virusi. Mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana, siku 7 za mwanzo. Hapo unawakinga walio ndani ya nyumba, maana mbu huyu kwa kawaida haruki mbali, mara nyingi hazidi mita 100 au 200. Nyumba na majirani zake ndio mlipuko.

---

#11 Kidimbwi

Chanjo je? Nasikia ipo.

---

#12 Mlimani_Newala

Ipo, lakini usiiwekee matumaini ya huku kwa sasa. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa. Agosti 2025 leseni yake ikasimamishwa huko kwa sababu za usalama. Ya pili, isiyotumia kirusi hai, iliidhinishwa Februari 2025. Kinachoniuma ni kwamba ugonjwa uliandikwa kwa mara ya kwanza kwa damu ya watu wa hapa, chanjo ikaja miaka 70 baadaye, na ilipokuja ilianza kwa wasafiri wa nchi tajiri. Kwa hiyo brashi ya afisa afya ndiyo chanjo yetu kwa leo.

---

#13 Ruangwa_Mashambani

Afisa afya kaeleza mbu, mimi nigusie panya, maana kichwa cha uzi kimetaja Ruangwa na sisi wa huku hatujasahau.

Homa ya mgunda haienezwi na mbu. Bakteria hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huingia kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho au mdomo, pale mtu anapogusa maji au tope lenye mkojo huo. Dalili huanza siku 2 hadi 30 baadaye, kwa kawaida kati ya 5 na 14. Kwa hiyo swali la "ulifanya kazi gani jana" halitoshi. Uliza wiki mbili nyuma: alilima mpunga bondeni? Alisafisha ghala? Alichimba kisima? Alichinja? Aliwinda?

Maji ya kunywa yachemshwe, chakula kifunikwe, gunia lisilale sakafuni. Kwenye tope vaa buti, funika vidonda.

Naomba daktari aseme dawa, maana ndiyo tofauti kubwa na hizo za virusi.

---

#14 Mlimani_Newala

Ndiyo tofauti kubwa. Hii ina tiba, na tiba haifai kusubiri majibu ya maabara kama dalili na kazi ya mgonjwa vinaelekea huko.

Asiye na hali mbaya: doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7. Isitumike kwa mjamzito. Yeye apewe amoksilini. Mwenye manjano, mkojo kupungua, kutoka damu au kupumua kwa shida: seftriaksoni gramu 1 hadi 2 kwenye mshipa mara moja kwa siku, au penisilini ya mshipa yuniti milioni 1.5 kila saa 6, siku 7, na rufaa haraka kwa sababu figo zinaweza kufa. Dozi ya kwanza apewe kabla gari halijaondoka.

Pima mkojo. Simaanishi stiki tu, namaanisha kiasi. Chupa ya maji ya lita 1 iliyokatwa na kuwekwa alama inatosha. Chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa, mtu wa kilo 60 ana chini ya mililita 30 kwa saa, hiyo ni figo inalia.

---

#15 Tabibu_Mtama

Naona sasa. Basi tumalizie na hilo la kuandika. Rejesta ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ya OPD tunaijaza kila siku, na bado hakuna mlipuko unaoonekana humo. Tatizo ni nini?

---

#16 Mlimani_Newala

Tatizo ni safu moja isiyokuwepo, mkuu: tarehe ya kuanza kuugua. Rejesta inabeba tarehe ya kuja kituoni. Watu huja siku ya gulio, siku ya gari, siku baada ya kuuza korosho. Ukichora kwa tarehe ya kuja utaona vilima vya Jumatatu na hakuna ugonjwa wowote unaofuata Jumatatu.

Ukiona wagonjwa 3 wa homa yenye sura moja, mRDT hasi, kutoka kitongoji kimoja ndani ya wiki, fungua daftari la mistari. Kila mgonjwa mstari mmoja: namba, umri, jinsia, kitongoji na jina la balozi, tarehe ya kuanza kuugua, tarehe ya kuja, kazi ya siku 14 zilizopita, safari, maji yanatoka wapi na yanatunzwa kwenye nini, panapouma, upele upo au haupo, macho, kutoka damu, mRDT, sampuli imechukuliwa au la, hali ya mwisho. Majina yabaki kituoni.

Halafu chukua karatasi ya mraba. Chini siku, juu watu. Kila mgonjwa jaza kiboksi kimoja juu ya tarehe aliyoanza kuugua. Vikipanda ghafla na kushuka haraka, tafuta chanzo kimoja walichokishiriki, maji au shamba. Vikipanda taratibu, vikashuka, vikapanda tena juu zaidi baada ya wiki moja na nusu au mbili, una kitu kinachopokezana kati ya mbu na watu. Hii ni epidemiolojia yenyewe, na inafanywa kwa penseli.

Usisubiri uhakika. Taarifa ya tukio lisilo la kawaida inakwenda kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa halmashauri ndani ya saa 24, kwa simu, kisha kwa fomu. Ukikosea umempotezea mtu asubuhi moja. Ukinyamaza umepoteza wiki.

---

#17 Darubini

Na sampuli ziende sawasawa, maana daftari zuri lenye damu mbovu ni kazi bure.

Chukua mililita 4 hadi 5 kwenye chupa ya kifuniko chekundu, isiyo na dawa. Iache isimame dakika 30 igande, usiitikise. Izungushe kwenye mashine kwa dakika 10, nyonya seramu (maji ya damu) ya juu bila kugusa damu, igawe kwenye vichupa viwili vya kufunga kwa skrubu. Andika namba ileile ya daftari, tarehe ya kuugua na tarehe ya kuchukua. Hizo tarehe mbili ndizo zinazoamua kipimo: chikungunya ndani ya wiki ya kwanza ni PCR, inayotafuta kirusi chenyewe, baada ya siku ya 5 au 6 ni IgM, yaani kinga ambayo mwili umetengeneza. IgM hubaki miezi, kwa hiyo ikiwa chanya peke yake bila dalili zinazofanana inaweza kuwa ya ugonjwa uliopita. Kwa homa ya mgunda, chukua sampuli ya pili baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu kupanda kwa kiwango kati ya ya kwanza na ya pili ndiko kunakothibitisha.

Seramu ikifika maabara ndani ya saa 48, nyuzi 2 hadi 8 zinatosha, kwenye boksi la baridi lenye barafu za pakiti. Funga kwa tabaka tatu: kichupa, chombo kisichovuja chenye pamba ya kunyonya, boksi gumu la nje. Fomu iwekwe kwenye mfuko wa nailoni nje ya chombo cha pili, ili isilowe ikasomeka jina la mtu mwingine.

Kama hamna mashine ya kuzungushia, acha chupa isimame wima kwenye friji, seramu itajitenga yenyewe kwa saa kadhaa, uinyonye taratibu. Usiweke damu nzima kwenye friza. Chembe zitapasuka, seramu itakuwa nyekundu, na maabara ya Dar itaikataa. Na gari la Ijumaa mchana liulizeni kwanza kama kuna mtu wa kupokea Jumamosi. Kama hakuna, ni bora seramu ilale kwenye friji yenu hadi Jumapili jioni kuliko stendi ya basi.